Sketi Moja Haiwezi Kucheza Ngoma Zote

Kuna sketi moja ya nyuzi ambayo imeshacheza karibu kila ngoma ya nchi hii. Mnaijua. Ni mfuko wa salfeti uliochambuliwa, nyuzi zikashonewa kwenye mkanda wa kitambaa, pengine zikachovywa rangi nyekundu na manjano. Juu yake fulana nyeusi au kipande cha kitenge kifuani, usoni madoa ya chokaa, basi, mtu kavaa. Akitangazwa Mmakonde, ndiyo hiyo. Akitangazwa Mzaramo, ndiyo hiyo. Ikitangazwa ngoma ya Wagogo wanaingia walewale na sketi ileile, kilichobadilika ni wimbo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, na mavazi ya vikundi vya sanaa ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Msimu wa tamasha ukikaribia, vijana wanajaa dukani. "Dada fundi, tunataka nguo za ngoma." Nawauliza, ngoma gani? Wanatazamana. "Za ngoma tu, dada. Zile za asili." Siwacheki, maana najua kinachowasukuma na nitakieleza mbele. Lakini jambo hili linaniuma na nataka kulisema kwa urefu: vazi la ngoma lina kazi. Lipo vazi linalopiga muziki. Lipo linalomficha mtu. Lipo lililompa mtu cheo ambacho serikali ilimnyima, na lipo la kukinga mbavu tu. Ukiliondoa ukaweka chochote kilichopo, ngoma imepungukiwa, hata kama miguu inakwenda sawasawa.

Watu wa Bagamoyo walizoea kuona mavazi ya ajabu kabla jukwaa lolote halijajengwa hapa. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walipoukaribia hawakuingia kimyakimya. Walijipamba. Mwingereza Richard Burton, ambaye mwaka 1857 alishuka Kaole, hapo jirani tu, akafuata njia ya misafara kwenda bara, aliandika kwa kina jinsi walivyovaa. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa Mwafrika na haikujificha katika maandishi yake, ila macho yake yalikuwa makali, na maelezo yake nimeyasoma kwa jicho la mtu anayepima kitambaa.

Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Alivaa kipande kirefu chembamba cha joho jekundu kilichotobolewa katikati pa kupitisha shingo, kikaning'inia mbele na nyuma. Kichwani ngozi ya mbega, nyeusi kwa nyeupe, au ya paka pori, imefungwa kooni ikamwagikia mabegani, na juu yake kishada cha manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji. Wapagazi nyuma yake nao walikuwa na yao. Mmoja amezungusha kichwani ukanda wa singa za pundamilia, singa zimesimama pande zote. Mwingine amesimamisha mkia wa ng'ombe uliokakamaa juu ya paji la uso. Mikononi bangili za pembe na za shaba. Na wale waliojiona wa daraja la juu walifunga njuga chini ya goti au kwenye kifundo cha mguu, zikalia kila hatua, zikichanganyika na mabaragumu.

Mtu huyo amebeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Yuko njiani kwa miezi. Na bado kwa hiari yake mwenyewe ameongeza chuma miguuni. Hakuna aliyemlipa kwa njuga zile. Alitaka kuingia mjini akisikika, pwani ijue kwamba anayekuja si mzigo unaotembea bali ni mtu, tena mtu wa heshima kwao. Sijapata kusoma maelezo yanayoonyesha wazi kuliko hayo kwa nini watu hujisumbua na mavazi ya ngoma.

Hebu tukae kidogo kwenye hizo njuga, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa zaidi. Njuga ni bapa dogo la chuma ambalo mhunzi amelifua, akalikunja mpaka kingo mbili zikaribiane bila kugusana, na ndani akaacha kigololi cha chuma. Ule upenyo ndio mdomo wake. Ukibana mno sauti inakuwa butu, ukiachia mno kigololi kinachomoka uwanjani. Njuga kadhaa hupangwa kwenye ukanda wa ngozi. Kabla ya kufunga, mchezaji anazungushia mguuni kitambaa laini, mara nyingi kanga iliyochakaa, la sivyo chuma kitamla ngozi kabla hata ngoma haijachangamka. Halafu anafunga juu kidogo ya kifundo, si kwenye kifundo chenyewe. Akikaza sana mguu unakufa ganzi. Akilegeza, ukanda unashuka na sauti inachelewa: mguu umeshatua, njuga inalia baadaye. Katika safu ya Wagogo, ambapo miguu mingi inapiga ardhi kwa pamoja, njuga moja inayochelewa inasikika mpaka nyuma ya uwanja.

Kwa hiyo anayevaa njuga ni mpigaji muziki sawa na mwenye ngoma. Pemba kuna msewe, ambayo imechukua jina la kile kinachofungwa miguuni: vifuko vilivyosukwa kwa majani ya jamii ya mkindu, ndani yake mbegu kavu. Mlio wake ni mwepesi, wa kuchakarisha, na uchezaji wake unafuata wepesi huo. Mvalishe mtu wa msewe njuga za chuma uone. Miguu haitajua iende wapi.

Sasa mtu ataniambia, dada, njuga za mhunzi zinapatikana wapi siku hizi? Ni kweli, wahunzi wamepungua. Vikundi vingi vinatumia vizibo vya soda vilivyopondwa na kutungwa kwenye waya, na mimi vizibo sivipingi hata kidogo. Aliyeanza kuvitunga alielewa kwamba mguu lazima ulie. Alikosa chuma, akatafuta kitu kingine kitakacholia. Ninachokipinga ni yule anayefunga miguuni manyoya ya sintetiki meupe kwa sababu yanatoka vizuri kwenye picha, halafu mguu uko kimya ngoma nzima.

Mavazi ya mapiko ni habari nyingine kabisa, na hapo naomba mnivumilie, nitakaa.

Mapiko ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde, wa Msumbiji na wa upande wetu wa Newala na Mtwara. Yamefungamana na jando, na yale ya ndani ya jando siyajui wala si yangu kuyaandika. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana uwanjani. Anatokea lipiko: sura ya mti mwepesi iliyochongwa, aghalabu ikiwa na nywele za mtu kabisa zimebandikwa, chale zimeumbwa kwa nta usoni, pengine na ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo wa juu. Kuna sura za wazee, za akina mama, na zimekuwepo za askari, za Wazungu, za Wahindi, kila aliyepita katika maisha ya watu akachongwa. Mwili wote umefunikwa. Kwa asiyepita jandoni, huyo hakuwa fulani wa nyumba ya pili aliyevaa. Alikuwa mzimu umekuja.

Zamani kidogo alikuja dukani mzee wa Kimakonde anayeishi huku kwetu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nataka unishonee, lakini nitakachovalia hutakiona."

Nikamwambia hakuna tatizo, nipe vipimo. Akatoa mfukoni uzi wa katani wenye mafundo. Fundo la kwanza hadi la pili ni mzunguko wa chini wa sura. La pili hadi la tatu ni kutoka ukingo wa sura mpaka begani, mbele. La tatu hadi la nne ni nyuma, na hicho kipande cha nyuma kilikuwa kirefu kuliko cha mbele kwa zaidi ya shibiri. Nikadhani amefunga vibaya, nikamuuliza. Akanieleza bila kunitajia zaidi ya nilichohitaji: sura ile inavaliwa kama kofia, imelalia nyuma, na mvaaji anaonea mdomoni. Ili watu watazamwe na macho ya ile sura, lazima ainame. Akiinama, kitambaa cha kisogoni kinapanda. Kikipanda ukaonekana ukosi wa shingo, basi, kila mtu ameona kuna mtu mle ndani.

"Shingo ndiyo inayotuumbua," aliniambia. "Na vidole."

Nikamshonea shingo ndefu nyuma, mikono iliyofungwa mwisho, na miguu vilevile. Mkanda wa kiunoni wa kengele alikuwa nao. Kila mshono aliuvuta kwa nguvu kuangalia kama utaachia. Nimeshonea maharusi wengi, na sijawahi kuona mteja anayekagua nguo kwa uzito kama mzee yule, na nguo yenyewe ni ya kumfanya asijulikane.

Baadaye, kwenye shughuli moja, nilimwona mshereheshaji akimwita lipiko baada ya kumaliza kucheza, amwekee kipaza sauti mdomoni, na kumwambia avue watu wamwone na wapige naye picha. Watu walishangilia. Yule mchezaji alisimama kidogo, akageuka, akakimbia kwa mwendo uleule wa kimapiko mpaka nyuma ya turubai. Nilimheshimu sana. Kama huwezi kueleza watazamaji kwamba uso ule hauvuliwi mbele za watu, na kwamba huko kutovuliwa ndiko kunakofanya ngoma iwe ngoma, basi bora ukae kimya uache ngoma zijisemee.

Vazi la kukinga nililitaja juujuu pale mwanzo. Mfano wake uko ng'ambo ya bahari tu, Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume wanapigana kwa vipande vya migomba, kwa hiyo wanavaa makoti mazito, nguo juu ya nguo, kofia za pikipiki, na wengine magauni ya kike. Wanawake wao wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote na wanazunguka wakiimba. Mgeni akiona anadhani ni vurugu ya mavazi. Kumbe kila mtu amevaa kwa ajili ya kilichomleta.

Nikija kwenye beni, ngoma ya gwaride na sare, naja nyumbani, maana upande wa mama yangu ni Tanga, Ngamiani. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi baba yake, aliyekuwa mtu wa Marini, upande mmoja wa beni, alivyojiandaa kwa siku ya beni. Suruali nyeupe na koti jeupe vilitiwa kanji ya muhogo, vikapigwa pasi ya mkaa mpaka vikasimama vyenyewe. Viatu vya turubai vilipakwa chokaa na kuanikwa. Watoto walikatazwa kupita karibu na kamba. Bibi alikuwa mdogo, na kitu alichokikumbuka kuliko vyote ni vifungo: vilikuwa vya shaba, na kazi ya kuving'arisha kwa majivu na ndimu alipewa yeye.

Beni ilizaliwa kwenye pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, na haikuchukua muda kufika Tanga. Hapo ikagawanyika pande mbili zilizoshindana vikali: Marini, iliyohesabika kuwa ya waungwana na makarani, na Arinoti, ya watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Kila upande ulikuwa na bendi yake, ngoma kubwa na tarumbeta, gwaride lake na vyeo vyake kuanzia Kingi kushuka chini. Sare zilikuwa za kijeshi na za kibaharia. Kofia, mikanda, filimbi, fimbo za uofisa, nishani kifuani. Mashindano yalikuwa ya nani amepanga gwaride vizuri zaidi, ametunga nyimbo kali zaidi, amelisha watu karamu kubwa zaidi. Na cheo hakikuwa cha bure, mwenye nacho alitoa. Mwanachama akifa, wenzake walimzika.

Wapo watu, wengine wasomi wetu wenyewe, wanaoiona beni ni aibu: Waafrika wakiiga mabwana zao. Mimi nalikataa hilo, na nalikataa kama fundi. Fikiria Tanga ya wakati wa Wajerumani. Ofisa anapita mtaani na koti lake, na koti lile ndilo linalokuamuru umpishe. Sasa mpagazi wa bandarini anakwenda kwa fundi wa Kiswahili, anapimwa, anashonewa koti lilelile, lenye mkato uleule na vifungo vilevile, Jumapili anapita nalo barabarani akiwa kapteni, nyuma yake watu mia wanamtii. Kile ambacho mtawala alikionyesha kama amezaliwa nacho, kumbe kinakatwa kwa mkasi na kushonwa kwa uzi. Mtu akishajua hilo, hawezi kulitazama koti la ofisa kwa macho ya zamani. Watawala wenyewe walilihisi. Vita ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi walikuwa wameshaisambaza beni mpaka Malawi na Zambia, na maofisa wa Kiingereza wakashikwa na wasiwasi kama hizi ngoma zenye vyeo na matawi kila mji si siasa iliyojificha. Wangekuwa wameona kuiga tu, wangecheka wakalala.

Na ona ilivyozaa huko ilikokwenda. Kwenye Ziwa Nyasa kuna mganda, wanaume wamevaa meupe, kaptula zimenyooka, soksi zimevutwa, wanapiga hatua za gwaride huku wakipuliza vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, sauti inatoka ya kukwaruza kama tarumbeta. Wanawake wa kule wana kioda yao. Zambia, katika mji wa machimbo wa Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na kalela, ngoma ya vijana waliovaa suruali zilizopigwa pasi, tai na viatu vya kung'aa, na kati yao palikuwa na "daktari" mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, na "nesi" mwenye nguo nyeupe aliyepita katikati ya safu na kioo na leso, wachezaji wajitazame na kujifuta jasho wasiharibike sura. Nesi huyo nampenda sana. Kazi yake nzima ndani ya ngoma ni kulinda vazi.

Akina mama hawakubaki nyuma. Lelemama ya mwambao, Tanga na Mombasa, ilikuwa na vyama vyake na ushindani wake, na ushindani huo ulikuwa wa nguo kwanza. Wote wavae kitambaa kimoja, mkato mmoja, na upande wa pili usijue ni kipi mpaka siku yenyewe. Mafundi walikuwa wakiapishwa. Hizi sare za harusi tunazoshona leo, za kamati ya shangazi na ya marafiki wa bibi harusi, mimi naona ni lelemama iliyobaki bila wachezaji. Vugo nayo bado ipo kwenye harusi za pwani, wanawake wanagonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, na kanga zimefungwa doti kwa doti. Anayekwenda vugo anachagua kanga kwa maandishi yake, kwa sababu kuna mtu atakayeyasoma na kujijua.

Mwalimu Nyerere, alipokuwa akitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni Desemba 1962, aliuliza ni wangapi kati yetu wanaoweza kucheza, au hata wamepata kusikia, gombe sugu, nyang'umumi, kiduo na lelemama, wakati rumba na chachacha tunazijua. Kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Kilipovunjwa, wengi waliotoka humo wakaja kufundisha hapa Bagamoyo, chuo cha sanaa kilipoanza mwaka 1981. Mwaka uliofuata likaanza tamasha, ambalo limeendelea mpaka leo chini ya TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, jina la sasa la chuo hicho. Mimi nimekulia kwenye uzio wa tamasha hilo. Bila hilo nisingemwona Msukuma akirusha jembe hewani kwenye bugobogobo akalidaka bila kulitazama, wala nisingeijua mganda.

Ila jukwaa limetubadilishia mavazi, na lazima tuseme. Ngoma ya uwanjani inachezwa watu wamezunguka. Mgongo unatazamwa, ubavu unatazamwa. Jukwaa lina upande mmoja. Ndiyo maana siku hizi naletewa oda za nguo zenye mbele tu: shanga mbele, urembo mbele, nyuma pini na kamba. Mchezaji akigeuka, na ngoma zetu zina kugeuka kwingi, anageuka akiwa mtupu wa maana. Kwenye lelemama mtikiso wote uko kwenye mikono na mabega. Kwenye ngoma nyingi za Wazaramo kiuno ndicho kinachosema, na namna kanga ilivyofungwa kiunoni ndiyo inayofanya kionekane. Mkanda wa salfeti unafunika yote hayo.

Na hapa ndipo ninapowatetea wale vijana wa dukani kwangu. Kikundi kinapewa nusu saa. Mwenye shughuli anataka "ngoma za makabila yote", kwa hiyo wanachomeka ngoma sita au saba humo. Wachezaji ni haohao wanane. Hakuna dakika ya kubadilisha nguo, hakuna chumba cha kubadilishia, na malipo yakigawanywa hayatoshi hata doti moja moja ya kanga. Sasa wafanyeje? Wanavaa kitu kimoja ambacho si cha ngoma yoyote ili kifae kwa ngoma zote. Kosa haliko kwao. Liko kwa anayepanga programu na kudhani kwamba idadi ya makabila ndiyo utajiri wa onyesho. Mimi ningependa nusu saa hiyo ipewe ngoma mbili, kila moja na vazi lake, mshereheshaji apewe maelezo ya kusoma, na fedha ya mavazi itajwe kwenye mkataba kama inavyotajwa ya spika na jukwaa.

Kuna suala la ngozi pia, ambalo watu wanalizungumza kwa kunong'ona. Vazi la kirangozi lisingewezekana leo, na sioni ubaya. Ngozi ya mbega au ya chui ni nyara ya serikali, na kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ukikutwa nayo bila kibali unaweza kufungwa. Vikundi vingine bado vina vipande vya urithi vimefichwa kwenye masanduku, vinaogopa kuvivaa na vinaogopa kuvitupa. Wanaotaka kukaa salama nawashonea kwa ngozi ya mbuzi. Mbuzi mweusi na mbuzi mweupe, vipande virefu vikiunganishwa kwa kupishana, manyoya yakichanwa yote kuelekea chini, ukisogea hatua chache huoni tofauti, na manyoya yanaruka mtu anaporuka. Kuruka huko ndiko kulikokuwa kunatakiwa kwa mbega. Kitambaa cha sintetiki chenye chapa ya madoa kinalala tu mwilini, mchezaji aruke asiruke.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa Tanga, Pangani na huku kwetu. Kama nyumbani kuna picha ya zamani ya mzee amevaa beni au ya bibi zetu wamepanga mstari wa lelemama, msiitazame nyuso tu. Tazameni kola imesimama au imelala. Hesabuni vifungo. Koti linafungia kushoto au kulia? Kanga ya kiunoni fundo liko ubavuni au mbele? Na kama bibi bado yupo, mkalieni karibu siku akiwa na nguvu, mmuulize kitambaa kilikuwa cha aina gani, merikani, bafta au kaniki, na nani alikishona, na usiku kabla ya ngoma kililazwa wapi. Koti la babu wa mama yangu lilizikwa na mafuriko ya nyumba ya Ngamiani kabla sijazaliwa. Bibi alinionyesha kwa vidole ukubwa wa kile kifungo cha shaba, kama sarafu ya senti kumi, na kwamba kilikuwa na nanga katikati. Kwa maelezo hayo nimeshachora kiolezo cha mbele. Mgongo sijaupata bado: sijui ulikuwa na mpasuo mmoja au miwili, na nikiambiwa na mtu aliyeuona nitaukata wiki hiyohiyo.